Friji Zilizorudi Dukani

Yule mama alifika wakati bado nafagia kibaraza cha duka. Alitangulia kwa miguu, kanga begani, na nyuma yake guta la kukodi lilipanda mtaa polepole, limebeba friji nyeupe iliyofungwa kamba. Nilimfahamu. Alikuwa nesi mstaafu wa Daraja Mbili, mteja wetu wa siku nyingi, na friji ile nilimuuzia mimi mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewarudishia friji yenu."

Nilidhani anatania. Nikamuuliza kama nimtafutie fundi. Akasema mafundi wameshamaliza ujuzi wao wote. Kompresa ilikufa, ikawekwa nyingine, na hiyo nyingine nayo ikafa. Hakutaka itengenezwe tena. Hakutaka kubadilishiwa wala kupunguziwa bei ya mpya. Alichotaka ni tuipokee, basi.

"Mama, sisi huwa hatupokei," nikamwambia.

Sentensi hiyo nilikuwa nimeisema kwa miaka mingi hadi ikawa inatoka yenyewe, kama chafya. Watu walikuja kuuliza habari za friji zilizokufa, za freza, za mashine za kufulia, nami niliwajibu hivyo hivyo kwa upole huku natazama pembeni. Kwa kawaida mtu aliguna, akashukuru, akaenda zake. Yule mama hakwenda. Alimwambia mwenye guta ashushe mzigo. Friji ikawekwa katikati ya mlango, na yeye akaomba kigoda, akakaa kando yake kama mtu aliyesindikiza mgonjwa na sasa anangoja daktari.

Duka lenyewe liko mjini Arusha, si mbali na soko kuu. Nimezoea kuliita letu, ingawa ni la familia ya Kihindi iliyoanza na cherehani na taa za chemli, ikaja kwenye redio, ikafika kwenye friji. Niliingia pale nikiwa msichana, nimeshuka kutoka kwetu mlimani upande wa Meru, na hadi leo mwenye duka ananiita binti, japo nywele zangu zimeshachanganya. Kazi yangu ni ya kaunta. Nusu yake ni kuuza, na kuuza kuna raha yake. Watu hununua friji kama wanaoposa. Wanakuja baba, mama na shangazi, wanafungua mlango na kuufunga, wanapapasa droo za mboga, wanauliza inakula umeme kiasi gani, wanaondoka, kisha wanarudi na ndugu mwingine ambaye naye lazima aufungue mlango na kuufunga. Ikifika nyumbani, nailoni yake haibanduliwi mpaka ijichanike yenyewe.

Nusu ya pili ya kazi ni kujibu, na hiyo ndiyo iliyonichosha. Friji hufa. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na kompresa haina roho ya paka. Mtu akiuliza maiti ile aipeleke wapi, jibu la mjini ni moja, waite watu wa skrepa. Niliwahi kuwaona wakifanya kazi yao nyuma ya nyumba ninayokaa Ngarenaro. Waliilaza friji kifudifudi, wakakata bomba kwa msumeno, gesi ikatoka kwa mlio mkali, mmoja wao akageuza uso na kukohoa, wakaendelea. Shaba iliingia kwenye gunia, kompresa ikapanda mkokoteni. Kasha na ile sponji yake ya njano viliachwa korongoni, na masika ilipokuja maji yaliviburuza hadi chini ya kivuko vikaziba njia, mtaa mzima ukawa unaruka matope. Niliruka na mimi, nikaenda kazini, nikauza friji nyingine.

Basi asubuhi ile nilimletea yule mama chai, nikajaribu tena.

"Mama, si uwape tu watu wa skrepa? Wanafuata hadi mlangoni."

"Hao wanachukua utumbo," alisema. "Ngozi wanaitupa popote. Watoto wanaenda kuichezea."

Alishika kikombe bila kunywa. Halafu akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa taarifa ya zamu. Enzi za kazi yake aliletwa mtoto wa kike mwenye sare ya chekechea. Watoto walikuwa wanacheza kujificha, na yule binti aliingia kwenye friji mbovu iliyotupwa nyuma ya baa. Ilikuwa ya zamani, ya kitasa, ukiwa ndani huifungui. Wenzake walimtafuta wakachoka, wakadhani amerudi kwao.

"Mimi ndiye niliyempokea," akasema. "Mama yake alikuwa ananiuliza mbona hana hata kidonda. Kweli, hakuwa na kidonda. Nilimkagua mwili mzima nikitafuta kidonda ili niwe na kitu cha kufunga."

Nilisema pole, naye akaitikia ahsante, kana kwamba msiba ulikuwa wa jana.

"Hii," akagonga ubavu wa friji yake, "ilimtunzia mzee wangu dawa ya sukari mpaka siku aliyoaga dunia. Sina ugomvi nayo. Lakini siitupi. Ninyi mliileta mjini, mtajua pa kuipeleka. Na kama hamjui, muulizeni aliyeitengeneza."

Mwenye duka alifika kutoka hekaluni, kama kawaida yake, akakuta wateja wanapita ubavu ubavu.

"Binti, nini hii mlangoni?"

Kabla sijamaliza kueleza, yule mama alishasimama, nao wakasalimiana kwa heshima zote. Walifahamiana. Watoto wa bosi walichanjwa na mikono ya yule mama, mmoja baada ya mwingine, kwenye kliniki alikokuwa akifanya kazi.

"Mama nesi, mimi si kiwanda," bosi alisema. "Mimi nachukua kwa wakala, nauza. Hata huyo wakala naye analetewa."

"Najua wewe si kiwanda. Lakini kiwanda sikijui kilipo. Wewe nakujua."

Bosi alicheka kicheko kisicho na furaha, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nilimwona jinsi alivyoitazama friji ile, kisha mtaa, kisha kigoda. Nadhani aliona kwamba yule mama angekaa pale hadi jioni na kurudi kesho yake.

"Ingizeni nyuma," akasema.

Mama alinishika mkono, akanitakia kazi njema, akaenda kununua mchicha sokoni.

Ingeishia hapo kama watu wangekuwa na midomo mifupi. Haikupita muda, akaja mzee mmoja na freza ya bucha. Akasema amesikia kanisani kwamba duka letu linapokea. Nikamwambia hapana, ilikuwa mara moja tu. Akaniuliza, kwa hiyo mnapokea za manesi peke yake? Nikamfungulia geti la nyuma. Baada yake wakaja wengine, wa Ngarenaro, wa Daraja Mbili, hata wa mbali. Lodge moja ya Usa River ilileta kigari cha mizigo, kirikuu, kimejaa vifriji vidogo vya vyumbani, vile vya kuwekea soda za wageni, vimepangwa kama matofali. Dereva alivishusha haraka akaondoka kabla sijatoka kaunta.

Ua wa nyuma ndipo tulipokuwa tukinywea chai na kuanikia maboksi. Sasa ulijaa makasha, mengine yana harufu ya samaki wa miaka iliyopita, mengine yana sumaku na picha za watoto bado zimebandikwa mlangoni. Panya wakahamia. Mimi ndiye niliyekuwa naondoa milango, maana baada ya yale niliyoyasikia nisingeweza kulala nikijua kuna kasha lenye mlango uani kwetu. Nilijifunza kufungua bawaba kwa spana nikiwa nimevaa koti la duka. Mikono yangu ikaota sugu ambazo hata shamba la kahawa la baba halikuwahi kunipa.

Mtoto wa bosi, yule anayeshika mahesabu, alisimama uani siku moja mikono kiunoni.

"Dada, hapa tumekuwa dampo?"

"Muulize baba yako."

"Baba anasema nikuulize wewe."

Tulitazamana tukacheka, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya.

Bosi aliamua tuwasumbue waliozitengeneza. Aliniambia nipige simu kwa mawakala wote tunaochukua mali kwao, niwaeleze kwamba vyombo vyao vimerudi na tunaomba waje wavichukue. Nilipiga. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mmoja aliniambia warantii iliisha zamani, nikamweleza kwamba hakuna anayedai warantii, watu wanadai mazishi. Mwingine akasema jambo hilo ni la kiwanda, na kiwanda kiko nje. Nikaomba namba ya kiwanda. Akasema kiwanda hakina namba, kina fomu ya kwenye mtandao. Tuliijaza. Likaja jibu la kutushukuru kwa kuchagua bidhaa zao.

Wakala mkubwa kuliko wote, ambaye friji zake ndizo zilizotujaza ua, alikuwa na dada mmoja wa kupokea simu huko Dar. Nilimpigia mara nyingi hadi akawa ananitambua kabla sijajitaja. Kila mara alisema wanalifanyia kazi. Siku moja, baada ya kumaliza kusema hivyo, hakukata simu.

"Dada yangu," akasema, "mimi naambiwa niseme hivyo. Nilipoanza kazi nilikuwa nakwenda kuuliza ndani. Siku hizi siendi tena."

"Nakuelewa," nikamwambia. "Na mimi nilikuwa nasema hatupokei."

"Huko kwenu kuna baridi?"

"Kuna ukungu tangu asubuhi. Mlima hatujauona."

"Huku jasho linatutoka. AC ya ofisini imekufa."

Tukacheka, tukaagana. Nilipoweka simu chini nilijisikia nimechoka zaidi na pia nafuu kidogo, kwa sababu sikuwa peke yangu. Kwenye ule mnyororo wote kutoka kiwandani hadi uani kwetu, waliokuwa wakijibu tulikuwa watu wawili wa kaunta, na hakuna hata mmoja wetu aliyetengeneza friji.

Jumapili zile nilikuwa napanda kwetu. Mama yangu bado yuko pale pale, kwenye kahawa na migomba, na tukitoka ibadani nilikuwa namsaidia kumenya ndizi. Wiki moja nilisinzia na kisu mkononi. Akaninyang'anya.

"Kazi gani hiyo inayokumaliza? Si ulisema unauza ukiwa umekaa?"

Nikamweleza habari za friji. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Haziozi?"

"Haziozi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya, maganda akiyatupia ng'ombe dirishani. Ng'ombe aliyala. Nilikaa namtazama nikawaza kwamba katika nyumba ile sijawahi kuona kitu kikikosa pa kwenda. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilishapanga kumletea friji mwisho wa mwaka, maana maziwa yake yanaharibika. Sikulisema siku hiyo. Nililisema baadaye, na nilimletea kweli. Maziwa yanaharibika, sasa nifanyeje?

Aliyetusaidia kwa kitendo alikuwa fundi mmoja wa Usa River, mtu wa makamo, mpole, anayetunza vyumba vya baridi kwenye mashamba ya maua. Bosi alimpata kupitia ndugu yake. Alikuwa amepewa mafunzo na mashine ya kunyonya gesi, na alikubali kuja siku ambazo duka limefungwa. Mashine yake ilikuwa na mngurumo wa cherehani kuukuu. Aliunganisha mpira kwenye bomba la friji, upande wa pili kwenye mtungi, akachuchumaa kusubiri.

Nilimuuliza kuna haja gani ya tabu yote ile kwa hewa isiyoonekana. Akanieleza taratibu. Gesi za friji za zamani zikiachiwa zinapanda juu sana, zinalila lile tabaka linalotukinga na ukali wa jua. Za baadaye hazilili, ila zinalifunika joto lisitoke, tena kwa nguvu kuliko moshi wa magari. Zile za siku hizi hazina dhambi nyingi, lakini zinashika moto, kwa hiyo nisiwashe jiko karibu.

"Nyingi hapa zimeshavuja," akasema. "Nakuta mabomba makavu. Lakini chache bado zina kitu."

"Ukishainyonya unaipeleka wapi?"

Akatazama mita ya mashine.

"Naitunza," akasema.

Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba nyumbani kwake kuna stoo ya mitungi iliyojaa. Alifundishwa kuinyonya gesi, akapewa mashine, akapigwa picha na cheti. Kuhusu mahali pa kuiteketeza aliambiwa utaratibu unaandaliwa. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa nyuma. Mtungi ukijaa hununua mwingine, na ukikosekana hanyonyi. Nilimuuliza kwa nini basi asiiachie tu, nani atamwona. Akaniambia ameshafikiria hivyo mara nyingi, hasa siku ambazo mgongo unamuuma, na kwamba bado hajafanya. Hakujisifu alipokuwa anasema. Alikuwa kama mtu anayeeleza mzigo aliopewa na jirani aliyesafiri.

Mvua za vuli zilipokaribia, yule wakala mkubwa alituma lori. Yule dada wa Dar alinipigia mwenyewe kunipa habari, sauti imechangamka. Nilifurahi hadi nikanunua soda za wapakiaji. Lori lilikuja limepambwa kitambaa kirefu chenye maneno kuhusu kutunza mazingira, na pamoja nalo kijana mmoja mwenye fulana ya kampuni, mpole, mwenye adabu, na mpiga picha wake. Alinisalimia shikamoo, nikafurahi zaidi.

Kisha akaingia uani, akaanza kuinama nyuma ya kila friji akiangalia kibandiko.

"Mama, tunachukua za kwetu tu," akasema. "Zenye namba inayosomeka."

"Na hizi nyingine?"

"Hizo za kampuni nyingine, wenyewe watakuja."

"Na hizi za kwenu ambazo namba imefutika?"

Alionekana kuumia kweli. "Mfumo unataka namba. Bila namba siwezi kuonyesha kwamba ni ya kwetu."

Friji ya yule mama nesi ilikuwa mojawapo. Aliisugua kila wiki kwa miaka yote ile, mbele na nyuma, kwa namna manesi wanavyosugua, hadi kibandiko kikabaki cheupe. Nilimwambia yule kijana kwamba niliiuza mimi, naikumbuka, jina lenu hili hapa mlangoni kwa herufi za chuma. Akasema jina mtu anaweza kubandika. Nilimuuliza, tena kwa sauti, ni nani mwenye akili timamu atakayebandika jina la kampuni kwenye friji mbovu ili apate heshima ya kubebewa. Wapakiaji walicheka. Yule kijana hakucheka, na nilipomtazama nikaona amechoka kama sisi, ametoka Dar na lori usiku kucha, na huo mfumo hakuutunga yeye.

Bosi alitokea mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Binti, waache wachukue wanachochukua."

Wakapakia. Mpiga picha aliniomba nisimame kando ya lori na koti langu la duka, nitabasamu. Nilikataa. Nilirudi kaunta nikapanga majiko ya gesi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Lori lilipoondoka mzigo wa uani ulikuwa umepungua, lakini si kwa nusu. Baadaye nilimuuliza yule dada wa Dar, akasema zilizochukuliwa zilipelekwa ghala fulani. Baada ya hapo hajui. Nami sijui hadi leo. Picha niliiona kwenye simu ya mtoto wa bosi, lori na kitambaa chake, mlima umejitokeza nyuma vizuri sana.

Nilimfuata yule mama nesi kwake kumweleza, maana niliona si haki asikie kwa wengine. Nilimkuta anamwagilia sukuma wiki. Nilimwambia friji yake imebaki, sababu ni kibandiko.

"Kwa hiyo kosa ni usafi wangu," akasema.

"Samahani mama."

"Huna kosa. Imetolewa mlango?"

"Nimeutoa mwenyewe."

"Basi," akasema, akanichumia sukuma fungu zima, nikaondoka nalo.

Zilizobaki tulizimaliza kwa njia zetu. Fundi alinyonya kilichokuwemo. Bosi alitafuta mnunuzi wa chuma mwenye yadi ya kueleweka, akakubaliana naye achukue kasha zima pamoja na sponji, asitupe kitu njiani. Mara ya kwanza nilipanda kwenye gari lao hadi yadini kuhakikisha. Chuma kilikwenda kuyeyushwa. Sponji iliwekwa kwenye magunia, na magunia yako pembeni ya yadi ile, yamefunikwa turubai. Hakuna anayeyataka.

Halafu bosi alifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa umri wake aliyekuwa anaanza kuliacha duka mikononi mwa mwanawe. Aliwapigia mawakala simu, mmoja mmoja, mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Aliwaambia kwamba duka litapokea friji kuukuu ya kila anayenunua mpya, na kwamba atakayekataa kuzifuata za kwake, zenye namba na zisizo na namba, hatapangiwa mali yake kwenye rafu zetu. Hakupandisha sauti. Mtoto wake alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

Kampuni moja ndogo ilikubali, na inakuja, si kwa ratiba, lakini inakuja. Nyingine mbili ziliahidi. Yule wakala mkubwa alisema ana maduka mengine ya kutosha Arusha, na ni kweli anayo, ya jirani zetu, ambao sasa wanauza zile friji watu wanazozitaka zaidi. Kuna wateja wanaoingia kwetu, wanatazama rafu, wanauliza ile yenye jina iko wapi, nawaelekeza ng'ambo ya barabara. Biashara imepungua, wala si siri. Bosi sasa anakuja siku chache tu. Nilidhani mwanawe akishika usukani ataufuta mpango ule wiki ya kwanza. Hakuufuta. Nilipomuuliza, alisema amechoka kubishana na baba yake, na kwamba geti la nyuma watu wameshalizoea. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Siku moja nilimkuta uani anafungua bawaba kwa spana, ametundika shati la ofisini msumarini.

Mimi naendelea na kaunta. Mtu akiuliza friji kuukuu aipeleke wapi, siku hizi namwambia ailete. Sina uhakika kwamba neno hilo linabeba uzito wote ninaoulizwa, maana najua mahali safari ya friji inapokatikia.

Majuzi fundi wa Usa River alinipigia. Ameambiwa kuna gari linapita kukusanya mitungi ya gesi kutoka kwa mafundi wa ukanda wetu, isafirishwe nje ikateketezwe, gharama juu ya watengenezaji. Aliniomba nikamsaidie kuitoa stoo, maana mgongo wake haufai tena. Nilichukua ruhusa nikaenda. Tuliipanga kando ya lango lake, tukaifuta vumbi, akaifunga vikaratasi kuonyesha gesi ipi ni ipi. Tukakaa kwenye benchi. Magari ya maua yalipita kwenda barabara ya Moshi, wafanyakazi wa shamba wakapita kwenda kula, wakarudi. Mchana simu ikaja kwamba kibali cha kusafirisha kina marekebisho, gari litakuja siku nyingine, wataarifiana.

Fundi alisema sawa, ahsante, nashukuru. Akaitia simu mfukoni.

Tuliirudisha mitungi ndani, mmoja mmoja, mimi nimeshika upande huu na yeye upande ule. Ilikuwa mizito kuliko nilivyodhani hewa inaweza kuwa. Alipofunga stoo aliagiza soda dukani kwa jirani, tukanywa tumesimama juani. Kisha akanisindikiza hadi barabarani, nikasimamisha gari la mjini.